Kumbe Alikuwa Akiniogopa

Kihesa, Jumamosi 14 Juni 1975

Nami nilidhani ananipenda! Sungura mchanga, zawadi ya kwanza ya mume wangu mpenzi, kila nikimlaza chali mapajani hutulia tuli, nami humbembeleza kama mtoto.

Leo jirani yangu Mama Semeni kanishika mkono. “We bibi harusi, huyo hajatulia. Anajifanya amekufa ili usimle!”

Nikamgusa kifuani. Moyo ulikuwa ukienda mbio ajabu. Wiki nzima namtisha huku namwimbia!

Nimemweka chini, akajificha nyuma ya jiko. Tangu mchana hajala. Akifa nitamwambia nini mpenzi wangu...

Sasa hivi ametoka, amenusa kidole changu cha mguu, akang'ata jani moja la kabichi. Mikono inaniwasha kumbeba. Sijambeba.