Mbwa Mdogo wa Afra

Jumatatu, 22 Julai

Waendesha baiskeli wawili wamesimama leo kumpiga picha Harras. "Mama, huyu mbwa au ndama?" Nikacheka. Nilifurahi, sikatai. Harras akisimama kando ya barabara, kifua mbele, masikio juu — jamani! Mbwa wa uchungaji wa Kijerumani wako wengi, lakini wa kimo hiki utawatafuta. Mgongo wake unakaribia kiuno changu.

Floh alikuwa amejikunja miguuni pa mdogo wangu Afra. Hakuna aliyempiga picha. Floh — kiroboto. Jina limemkaa. Nani angeamini ni tumbo moja na Harras? Mimi ndiye dada mkubwa, nilichagua kwanza, nikamchukua aliyekuwa mnene kuliko wote. Afra akaachiwa yule wa mwisho, ambaye baba mdogo Eugen alisema hatamaliza wiki.

Jioni Eugen kasema goti limemshinda. Vuli hii anapasuliwa, na kundi lote analiacha mikononi mwa mmoja wetu. "Mmoja," kasema. "Kondoo hawawezi kusikiliza midomo miwili." Hakusema nani. Lakini alikuwa akimtazama Floh.

Alhamisi, 25 Julai

Joto! Sijawahi kuliona joto kama hili huku kwetu milimani.

Tuliwalisha kwenye mabua ya shayiri, na pembeni tu ilikuwa ngano ya jirani yetu Schäuffele, haijavunwa. Kazi ya mbwa ni kwenda na kurudi mpakani, kwenda na kurudi, awe ua unaotembea, kondoo asitie mdomo kwa jirani. Asubuhi Harras aliimudu. Kufika saa nne ulimi ulikuwa unaburuzika. Saa tano akajitupa chini ya gari. Nikamwita. Nikamwita tena. Akanitazama kama mtu asiyenijua. Kondoo wakaingia kwenye ngano!

Afra hakunilaumu. Alipiga mluzi mmoja tu, na Floh akashika pande zote mbili, zamu yake na ya Harras. Mwepesi kama jani. Alipomaliza akanywa maji kidogo, akaenda kumnusa Harras kama anayemwuliza hali.

"Mwili ule ni jiko," Eugen kanambia akiwa amekaa kwenye gari. "Ukishawaka haupoi leo."

Ningependa angenyamaza.

Ijumaa, 26 Julai

Floh kaja asubuhi kunilamba mkono. Nimeuondoa mkono.

Jumapili, 4 Agosti

Chakula cha mchana kwa Eugen. Dengu, soseji, tambi alizozitengeneza mwenyewe. Alikuwepo pia Bi Oechsle, daktari wa mifugo, jirani yake.

Kabla hatujala, Eugen akatoa kijiti chake cha kupimia, akampima Harras mabegani. Akatikisa kichwa. "Mbwa wa babu yenu wangepita chini ya tumbo la huyu."

"Basi ubora umeongezeka," nikasema.

"Uzito umeongezeka," akasema Bi Oechsle, mdomo umejaa dengu. Akaanza: nyonga, magoti, kila anaporuka mtaro anatua na mzigo wake wote. Mbwa mwepesi anageuka alipo. Mzito anahitaji uwanja. Alisema kwa upole, kama anavyosema na mwenye ng'ombe anayekufa. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nikamwuliza: "Na kondoo dume akiamua kusimama? Nani atamwondoa? Kiroboto?"

"Hilo kweli," akasema. "Hapo uzito unasaidia."

Nikataka kushangilia. Afra akanikatiza: "Floh hamngoji asimame, dada. Anakuwa keshafika."

Wote wakacheka. Hata mimi nilicheka. Afra akanijazia sahani bila kuulizwa. Ndivyo alivyo! Anakushinda, halafu anakupakulia chakula.

Jumatano, 14 Agosti

Eugen kaniita nitazame malisho. "Unaona nini?"

Niliona, ila sikutaka kusema. Upande wa Floh nyasi zimeliwa mpaka mpakani, kama zimekatwa kwa mkasi. Upande wa Harras limebaki tambara pana la majani mabichi. Kondoo hawathubutu kulisogelea. Wanamwogopa, wanabanana katikati, wanakanyagana, wanarudi zizini na njaa.

"Hajafanya kosa," Eugen kasema. "Ni mkubwa tu."

Na huyo Floh wanakaribia kumla masikio! Anapita pumzi moja kutoka puani mwao, hawainui hata vichwa. Lakini mmoja akivuka — anarudishwa kabla hajatafuna.

Nimekuwa nikimkimbiza Harras alfajiri, kabla jua halijawaka. Nimempunguzia chakula. Anachechemea mguu wa nyuma, kulia. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 17 Agosti

Ni Afra.

Eugen kasema mbele yetu sote wawili, amesimama, ameegemea fimbo. Nitabaki kuwa msaidizi wake, nikipenda. Msaidizi wa mtoto niliyemfundisha kukata kwato!

Afra kanikumbatia. Nikasema hongera. Neno lilitoka, sijui lilivyotoka.

Usiku mzima kichwani ni jambo moja: laiti ningemchagua yule mdogo. Tumbo lile lile, kikapu kile kile, mkono wangu ulipita juu yake. Leo kundi lingekuwa langu. Si Afra aliyeshinda. Ni mbwa wake.

Jumatatu, 19 Agosti

Naandika haraka.

Afra alikwenda mjini kung'oa jino. Alimfunga Floh kwenye kivuli cha gari letu la malisho, akaniambia, "Apumzike leo, kafanya kazi sana. Harras anakutosha kando ya shamba la klova." Nikasema sawa.

Gari lake halijapita kona, nikamfungulia Floh. Harras nikamfungia ndani ya gari letu.

Nilitaka kujua tu. Mara moja tu, kuwa na mbwa yule mkononi.

Mwanzo alisitasita, akitazama barabara alikoelekea Afra. Nikapiga mluzi. Akaenda! Mungu wangu, alivyokwenda! Sikuhitaji kupaza sauti. Nilinyoosha fimbo, yeye akawa keshajua. Kondoo walikula kwa amani mpakani kote. Nilisimama katikati yao nikajisikia mchungaji kwa mara ya kwanza tangu joto lile. Nikasema kwa sauti: "Unaona, Eugen? Nipe mbwa huyu uone!" Nilikuwa peke yangu, nikasema hivyo.

Halafu yule kondoo dume wetu mzee akapotoka kwenda kwenye viazi vya sukari vya Schäuffele. Afra angemwona mapema. Mimi nilikuwa nikijitazama mwenyewe. Nilipomwona alikuwa keshaingia mpaka tumboni kwenye majani, na ameshageuka, kichwa chini. Nikamtuma Floh. Kwa Harras, dume huyu anarudi nyuma akiona tu kivuli. Kwa Floh hakurudi. Floh akambana kidogo shingoni, kama alivyofundishwa, na akamwachia. Wakati ule ilinipasa nimwite arudi. Nikapiga mluzi wa kumtuma tena.

Dume alimpiga ubavuni. Nilisikia. Floh aliinuka hewani, akaanguka kwenye matope ya mtaro, hakulia. Akasimama! Akarudi kujiweka kati ya dume na viazi, miguu inayumba, mpaka nilipofika mimi na fimbo. Ndipo akalala.

Hazidi uzito wa mfuko mdogo wa shayiri. Nimembeba hadi garini bila kuhema, damu ikimtoka puani.

Nimempigia simu Bi Oechsle: yuko zizini kwa watu, ng'ombe anazaa, hawezi kumwacha. Kasema nikae naye, nisimtikise, nisimpe maji, anakuja. Nikampigia Afra. Nikasema, "Floh kaumia." Akauliza, "Floh alikuwa anafanya nini?" Nikamwambia aje tu. Akasema, "Nakuja."

Alasiri, bado Jumatatu

Afra kafika na shavu limevimba, pamba ya damu mdomoni. Nilikuwa nimekaa nyuma ya gari, Floh mapajani. Nikaanza kueleza. Nilisema kila kitu, hata lile la mluzi wa pili. Hakunitukana. Ningelipia anitukane! Alipiga magoti, akampitishia Floh vidole ubavuni, taratibu, akaweka sikio lake kifuani mwake. Muda mrefu.

"Mshike hivyohivyo," akasema kwa shida na ule mdomo. "Usiinuke."

Kondoo huku nje wameshaanza kutawanyika. Wakiingia kwenye majani mabichi ya klova, matumbo yatawavimba, watakufa. Afra akasimama, akafungua mlango wa mbele. Harras akatoka.

"Anachechemea," nikasema. "Sikukwambia. Hawezi kukimbia."

"Sitamkimbiza."

Nawaona kutoka hapa nilipo. Naandika kwa mkono mmoja, daftari liko juu ya ndoo.

Hamkimbizi kweli. Anatembea naye. Kamweka mbali, nyuma ya mpaka, kwenye shamba ambalo limeshavunwa, si juu ya mstari kama ninavyomweka mimi. Kutoka mbali vile kondoo wanamwona wote, na hawabanani. Harras anapiga hatua chache, anasimama. Kundi linasogea kama maziwa kwenye sahani iliyoinamishwa. Yule dume mzee kainua kichwa, kamtazama Harras, kageuka mwenyewe akafuata wenzake.

Mkia wa Harras uko chini, umetulia. Sijawahi kumwona ametulia hivyo kazini. Kwangu mkia ule hukaa wima kama fimbo.

Kumbe anaweza. Mbwa wangu. Mkubwa vilevile, mzito vilevile, mguu mbovu nilioumiza mimi. Anaweza, kwa Afra.

Nilidhani ningekuwa na huruma tu saa hii. Au aibu. Vipo vyote viwili. Lakini juu ya hivyo, bado, ni wivu ule ule. Hata leo! Hata na damu ya Floh kwenye sketi yangu!

Floh anahema kifupi kifupi. Ufizi wake umekuwa mweupe kuliko awali. Bi Oechsle katuma ujumbe: ndama ametoka, yuko njiani.

Afra kapiga mluzi. Mdomo ule uliovimba, mluzi umetoka nusu upepo. Kule mbali Harras kageuza kichwa kwake. Huku mapajani mwangu Floh kafungua macho, anakusanya miguu, anataka kuinuka amwendee.

Namshika. Namwambia tulia, tulia. Hanisikii mimi.

Afra anapiga tena — naiacha kalamu, nimshike kwa mikono miwili.