Helmeti Baada ya Kunyolewa

Jumatatu, 5 Mei

Nimefua nguo za mto, nimeanika ndani. Mvua imekataa kuacha mtaa wetu wa Kianda tangu asubuhi. Chumba chote kinanuka matope ya mto Sagana.

Paji la uso limevimba. Jana kayaki ilipinduka, helmeti ikateleza nyuma, jiwe likanipata juu ya nyusi. Si jeraha kubwa. Lakini kazi yangu wikendi ni kukaa kando ya boti za wageni na kuokota wanaoanguka. Nikizirai, nitamwokota nani?

Sababu naijua. Tulinyolewa Bungoma tulipomzika Mama. Helmeti hii niliizoea juu ya rasta nene. Sasa kichwa ni upara na yenyewe inacheza.

Muriuki, kiongozi wetu mtoni, hakunificha. "Nafula, hiyo si helmeti, ni sufuria. Ukija nayo hivyo Jumamosi, unabaki kwa gari."

Nimechoka. Hata kukasirika sina nguvu.

Jumanne, 6 Mei

Kibarua cha kufulia watu mtaa wa Olympic mpaka mchana. Halafu kioo na helmeti.

Nimesukuma ukingo wa mbele kwa kiganja. Imepanda hadi utosini. Nimetikisa kichwa kusema hapana. Kichwa kimegeuka, helmeti imebaki ikiangalia mlango. Kukaza kamba ya kidevu hakusaidii, inanikaba tu.

Ndani kuna vipande vyembamba vya sponji vilivyoshikwa na velkro, ule utepe wa kunatana. Nimevitoa, nimekata vinene kutoka godoro kuukuu. Imekaa vizuri sana. Nikafurahi kama mjinga. Kisha nikaichovya kwa beseni. Sponji imekunywa maji yote, ikawa nzito, ikabonyea, helmeti ikanifunika macho.

Mchana mzima bure.

Alhamisi, 8 Mei

Soko la Toi, matope mpaka kwa vifundo vya miguu. Nimepata mkeka wa mazoezi wa mtumba, ile sponji ngumu isiyonyonya maji. Nilikata kijipande pembeni, nikakiminya ndani ya kikombe cha maji cha muuzaji kabla hajasema kitu. "Sasa mimi nitakunywa nini?" akauliza. Kimetoka kikavu. Nimenunua.

Nyumbani nimekata vipande. Nilitaka kuvibandika kwa gundi ya viatu. Bahati nzuri nilijaribu kwanza kwenye kipande cha ile sponji nyeupe inayokuja na televisheni, kwa sababu ndani ya helmeti kuna tabaka kama hiyo. Ndiyo inayopokea kishindo. Gundi imeitafuna, ikaacha shimo. Nimekaa chini nikaliangalia. Ningeiharibu helmeti ndani kwa ndani na nisingejua.

Basi ni velkro, ishonwe kwa vipande. Sindano ya mkono inachana sponji. Inataka cherehani, na mtu anayejua.

Mtu huyo ni Nasimiyu, dada yangu mkubwa. Hatujaongea tangu matanga. Alisema mbele ya watu wote kwamba presha iliyomuua Mama ilipandishwa na mto wangu.

Sitaki kwenda kwake Kawangware.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeenda.

Duka lake la ushonaji liko upande wa Satellite. Hakuinua kichwa.

"Umeniletea hicho kitu hapa?"

"Nataka unishonee velkro tu."

"Juzi tumezika. Unataka tuchimbe kaburi ingine kando yake?"

Nikavua kitambaa cha kichwa. Akaona uvimbe. Cherehani ikanyamaza.

"Kaa hapo."

Amenipima kichwa kwa futi ya kitambaa, kama mtu anayepima kola. Vidole vyake ni vya Mama kabisa. Nilifunga macho. Akasema pale nyuma, chini ya kisogo, ndipo kuna nafasi, na mimi nilikuwa nimeweka vipande vinene kwa masikio. Ameshona. Mara ya kwanza ilinibana mpaka nikaumwa na kichwa. Ametoa, amepunguza kwa makasi, amerudisha. Mteja alikuja kuchukua sare ya mtoto, akaambiwa angoje nje.

Nikasukuma ukingo wa mbele. Ngozi ya paji ilienda na helmeti. Nikatikisa kichwa. Tuligeuka pamoja.

Akiwa anakusanya mabaki sakafuni akasema, "Mama alikuwa na presha hata kabla uanze hiyo kazi. Nilikuwa najua."

Nilitaka kumwambia ni sawa. Haikuwa sawa bado. Nikamwambia asante kwa velkro.

Jumamosi, 10 Mei

Muriuki alishika helmeti kwa mikono miwili, akaivuta mbele na nyuma, akaniyumbisha kama mlevi. "Ingia maji."

Mto umejaa. Rangi ya chai, sauti ya lori. Kwenye kona mama mmoja mgeni akaanguka kutoka botini. Nikamfuata. Akashika pua ya kayaki yangu, akajivuta kwa nguvu zake zote, tukapinduka.

Chini hakuna kuona. Nikasikia helmeti ikigonga jiwe, kishindo cha mlango. Ikagonga tena. Haikusogea. Nikapiga kasia nikainuka, mama bado ameng'ang'ania, analia. Nikamburuta hadi ukingoni.

Watu wamenipigia makofi. Mimi nilitaka tu kukaa mahali pakavu.

Nimemwandikia Nasimiyu: nimetoka majini salama. Amesoma. Hajajibu.

Jumatatu, 12 Mei

Nasimiyu amekuja, bila kupiga simu. Amefunga duka, kitu ambacho hafanyi. Chapati kwa leso, na maharagwe ya madondo.

Aliuliza kama yule mama ni mzima. Nikasema ni mzima. Tukala. Tukaongea juu ya kuku wa Mama, nani atawachukua. Akasema tangu Bungoma halali. Anashona mpaka macho yanakataa, akilala anaamka. Nikamwambia hata mimi.

Nilienda kuosha vikombe. Niliporudi alikuwa amelala kitandani kwangu, na viatu vyake, mdomo wazi.

Nimemvua viatu. Nimemfunika. Nje watoto wanatoka shule kwa kelele, hajasikia. Kuna nafasi upande wa ukutani. Nami nalala.