Mchanga Ndani ya Chai

Kijiji cha Najaa Rizka,
Esna.
3 Novemba 1986

Mpendwa Kaka Rifaat,

Assalaam alaykum. U hali gani huko Kuwait, na kile kikohozi kimekuacha? Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi mzima kabisa. Mimi na mume wangu Bayoumi tupo, bado wawili tu, na huu ni mwaka wa tano.

Mimba ya mkeo Sharbat imefika miezi mitano, inaendelea vizuri. Hapo ndipo nilipoingiwa na shaka. Miaka sita ya ndoa bila mtoto, kisha unakuja likizo moja ya Idi, na huyo tayari? Mimi si mtu wa kushuku watu, lakini nilianza kumchunguza.

Unakumbuka ulivyolalamika kwamba chai yake ina mchanga? Juzi nilipokuwa namsaidia kuchekecha unga, nilikuta kifuko ndani ya debe. Kina vumbi la rangi ya udongo, halina harufu. Nikajua kaka yangu kalishwa limbwata. Nilikificha kifuani, nikakuandikia barua ya kukwambia umrudishe kwao.

Kabla ya kuituma nikamwonyesha Mama. Alichovya kidole, akaonja.

"Jiwe la lile hekalu la kale la Mafirauni hili," akasema. "Kakwangua chini ya yule bibi mwenye pembe aliyechongwa ukutani. Sisi tulikwangua juu kidogo, vumbi lake laini."

"Mama, wewe ni hajja! Shekhe kila Ijumaa anasema yale ni masanamu ya makafiri."

"Kwani nilimwabudu? Nilisoma Fatiha, ndiyo nikakwangua. Nusu nikanywa mimi, nusu kwenye chai ya baba yako. Ulidhani Rifaat nilimwokota sokoni? Na huyo shekhe wako akamuulize mama yake kwanza."

Nilikwenda kuona mwenyewe. Ukutani pana mifereji iliyolika hadi kidole changu kikazama chote. Sijui wamepita wanawake wangapi pale, wala waliokuja kabla ya Fatiha walisema nini. Niliogopa, Kaka, kisha nikaona wivu.

Ile barua nimeichana. Usimuulize Sharbat lolote.

Msalimie binamu Shazli. Mama anakuombea kila sala. Mungu akurudishe salama umpakate mwanao.

Dada yako akupendaye siku zote,
Insaf

Tanbihi: Sharbat anatafuta kifuko chake nyumba nzima, na ananitazama kwa jicho baya. Bayoumi naye tangu jana analalamika kwamba chai yangu ina mchanga.