Jina la Gari Limenitoka Ngazini

"Wiki hii zamu ya kufagia ngazi ni yako, na mchanga bado umejaa!" Gudrun shoga yangu, ndivyo alivyonivaa jirani yangu Bi Rösch wa ghorofa ya pili. Na ufagio ninao mkononi!

Nikamwambia, "Vaa miwani, bibi." Basi akaanza kumsema mume wangu. "Volkmar wako miaka minne kiwandani anaunda kigari. Gari la kifahari dogo hivyo! Mtakiita nini, Kiroboto?"

Nikawaka. "Kinaitwa Amsel!"

Nimelitaja, Gudrun. NIMELITAJA! Jina ambalo Volkmar alitia saini kulificha mpaka uzinduzi wa Septemba, la sivyo kazi hana. Hata mama yake mzazi hajui.

Mara mlango wa Bi Rösch ukafunguka, akachungulia mkwewe Detlef, yule anayeandika habari za magari gazetini! "Amsel, kama yule ndege mweusi mwimbaji?" anatabasamu. "Jina tamu."

Nikamwomba, "Kaka, usiandike, nakusihi." Akarudi ndani.

Sasa navua viatu polepole mlangoni kwa Bi Rösch ili nipate muda wa kukuandikia kwenye simu, maana ananiita kwa sauti ya asali: "Acha ngazi, jirani, ingia ule dengu na tambi. Detlef, mvutie kiti hapo karibu yako."