Filamu Ninazoziona kwa Masikio

Jumamosi, 8 Machi

Jana filamu ya wezi. Niliona majina ya mwanzo, nikaona gari jeusi likisimama mbele ya benki — basi. Nilipofumbua macho majina yalikuwa yanapanda tena. Nikauliza, ndiyo kwanza inaanza? Mama watoto akasema ndiyo, inaanza, wewe lala tu.

Tangu binti yetu aolewe na kutuachia televisheni yake kubwa na flashi iliyojaa filamu, kila Ijumaa tunakaa kwenye kochi kama mabosi. Mwenzangu anatazama, mimi nakoroma. Lakini filamu zote nazijua! Jumamosi asubuhi mdogo wake hupiga simu wasimuliane. Mama watoto mikono iko kwenye cherehani, kwa hiyo simu anaiweka spika juu ya meza ya kukatia vitambaa. Mimi niko bafuni, ukuta mmoja tu katikati, nanyoa ndevu. Nanyoa polepole sana. Na shemeji yangu ana sauti ya mnadani, hata bila spika angenifikia.

Ya leo: mwizi mkuu ana mke muuza maua. Kibanda chake kiko pembeni mwa barabara, miaka ishirini, anajua nani ananunua maua ya mgonjwa na nani ananunua ya kuombea msamaha. Mume kapanga wakishapata hela wahamie kisiwani. Shemeji akauliza, na mama wa watu akasemaje? Mke wangu akasema, atasemaje, kwani aliulizwa? Aliambiwa!

Wakacheka wote wawili, muda mrefu. Nikajikata kidevuni.

Bwege kweli yule bwana. Anajua kuchimba shimo mpaka chini ya benki, hajui kuuliza swali moja chumbani kwake.

Jumapili, 9 Machi

Kaka kapiga. Chumba cha duka kando ya duka lake kimekamilika, mlango umetiwa, rangi imepakwa. Nihamie, tuzeeke pamoja kama tulivyokua pamoja. Nilikaribia kulia, mtu mzima! Hapa kazi imepungua, na mgongo wangu hautaki tena kuinua friji za watu. Ila anataka jibu kamili kabla ya mwisho wa mwezi, kuna mwingine anakitaka.

Nikamwambia jibu unalo. Mama watoto nilishamwambia tangu mwezi uliopita. Akasema "Haya, umeshaamua," akaendelea kushona upindo. Hata hakubisha. Wenzangu wanalalamika wake zao wagumu — mimi nilimaliza shauri zima kabla chai haijapoa.

Kasoro ni moja, mji wa kaka una baridi ya kung'ata. Shemeji anasema fundi friji anahamia ndani ya friji, sijui atatengeneza nini. Nilicheka kwa adabu.

Jumanne, 11 Machi

Mchana nilimsimulia muuza rangi, jirani yangu pale karakana, ile filamu ya wezi. Nilisimulia vizuri, nijisifu kidogo. Muuza maua nilimpa moyo wangu wote. Jamaa aliacha kula. Akasema huyo mama kamgusa, akaomba flashi, akainakili filamu kwenye kompyuta ya dukani kwake. Ataitazama akipata nafasi.

"Wewe fundi unajua kutazama filamu," kasema. Sikukanusha.

Jumamosi, 15 Machi

Filamu ya nyambizi. Safari hii nilijiandaa — kahawa, vikombe viwili vikubwa. Nililala na cha pili mkononi. Kochi lina doa. Mama watoto kalifunika kwa kitambaa.

Asubuhi, bafuni. Nahodha wa nyambizi ana mke nyumbani. Mke ana dirisha lake anapofanyia kazi, jua la asubuhi linaingia palepale mikono ilipo. Sasa nahodha anataka wahame. Shemeji akapaza sauti, si amwambie hataki! Mke wangu akasema, anamwambia kila wiki, lakini yule bwana yuko chini ya maji, hasikii.

Nilinyoa mara mbili. Uso unawaka.

Siwezi kusema uongo, huyu wa nyambizi kaniudhi kuliko mwizi. Mwizi ana haraka zake. Huyu ana mitambo ya kusikia samaki wakipiga chafya.

Jumatatu, 17 Machi

Muuza rangi alinisubiri mlangoni kabla sijafungua kufuli.

"Fundi, muuza maua yuko wapi?"

"Yupo. Mke wa mwizi mkuu."

"Mwizi mkuu hana mke! Hana hata paka! Nimekaa saa mbili nzima namsubiri huyo mama."

Nikamwambia labda alisinzia. Mimi, nikamwambia mtu kwamba alisinzia! Akaapa kwa mama yake mzazi.

Saa kumi mama watoto akaenda kupeleka nguo za wateja. Nikafunga karakana mapema, nikaweka filamu, nikaitazama nimesimama katikati ya sebule kama mlinzi wa lango, ili nisilale. Mwanzo mpaka mwisho. Mwanamke ni mmoja tu, karani wa benki, anapiga kelele mara mbili halafu haonekani tena. Nikaweka ya nyambizi, nikapeleka mbele kwa rimoti. Wanaume na maji, wanaume na maji. Nahodha ni mseja, anafuga kasuku.

Nikakaa.

Muuza maua hayumo. Dirisha halimo.

Dirisha liko chumba cha mbele. Nilienda nikaliangalia. Cherehani imesogezwa karibu yake, chaki tatu ukingoni, futi imening'inia kwenye komeo. Sakafu imefanya shimo dogo pale unapokaa mguu wa kiti. Nimeishi na dirisha hilo miaka yote hii nikiliita "pale kwenye mwanga."

Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema. Mwenye kusinzia je?

Jumatano, 19 Machi

Nimeshindwa kuuliza. Jana nilianza — "Mama watoto, hivi..." — akainua uso, nikamuuliza chumvi iko wapi. Iko ilipo siku zote.

Leo walikuja wateja wawili. Nilikaa sebuleni na gazeti. Mmoja ataolewa, mwingine ni mama yake, na gauni la mama huyo la harusi lilishonwa hapahapa. Mke wangu hakumpima, alimtazama tu, akamwambia kiuno kimeongezeka lakini mabega ni yaleyale. Walicheka mpaka yule mama akatafuta kiti.

Kaka kapiga jioni. Nikamwambia asubiri kidogo. Akasema si ulisema mkeo kakubali? Nikasema nilimwambia. Akasema, basi kakubali. Nikasema, kaka, nilimwambia.

Halafu akasema yule mwingine anakuja Jumapili kuona chumba. Hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. Amepaka rangi mwenyewe, kwa mkono wake, na anajua naipenda buluu.

Jumamosi, 22 Machi

Ajabu mbili. Jana, filamu ya treni, sikulala. Mama watoto kalala! Kichwa begani kwangu, tangu treni ilipokatika breki mpaka iliposimama. Hajawahi.

Asubuhi nilikuwa nimeshapaka sabuni usoni simu ilipolia. Nikasikia, "Jana nilipitiwa na usingizi, mdogo wangu. Ngoja shemeji yako akusimulie." Halafu, kwa sauti ya kuvuka ukuta, "Baba watoto! Njoo!"

Nikatoka na povu. Yeye anashona, hainui kichwa. Simu iko mezani kati yetu.

"Haya shemeji," mnada ukaanza, "treni ilikuwaje?"

Nikasema treni ilikatika breki. Ndani kuna abiria mmoja, fundi friji.

"Fundi friji?"

"Ndiyo. Anahamia mlimani na mkewe. Mkewe kakaa hasemi kitu, na fundi anadhani kimya ni furaha."

Cherehani ikapunguza mwendo.

"Wanaume wa filamu!" shemeji akasema. "Enhe?"

"Enhe, mwenzake mmoja akamfumbua macho. Akaona mkewe ameacha nyuma dirisha, na wateja anaowajua mabega. Fundi naye ana kaka yake anayemngoja huko juu, anampenda sana, kampakia chumba rangi. Kwa hiyo hajui ashike lipi."

"Na mkewe akasema nini?"

"Bado, shemeji. Hajaulizwa. Ndiyo anaulizwa sasa hivi."

Cherehani ikasimama.

Mama watoto akakata uzi kwa meno. Akasema, "Nitakupigia, mdogo wangu," akazima simu. Akanitazama, povu limenikaukia shingoni.

"Ile treni haikuwa na fundi friji."

"Si ulikuwa umelala?"

"Na wewe? Nani ananyoa ndevu saa nzima, baba watoto?"

Akasimama, akakunja kitambaa, akasema nikanawe, anaweka chai, kisha nikae naye pale dirishani, maana ni maneno marefu na kwenye kochi nitalala.

Nimenawa. Naandika haya upesi, kiti cha pili nimeshakiweka. Jikoni nasikia anachagua vikombe, anavirudisha, anachagua vingine. Simu yangu inalia. Kaka. Naiacha ilie kwanza.