Nusu Mbili za Pipa la Mzungu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Roda Khalayi, mke wa Lazarus Sifuna. Umri: kama miaka thelathini na minne. Kazi: mkulima. Makazi: skimu ya Lugari, karibu na Chekalini, Wilaya ya Kakamega. Yamechukuliwa tarehe 15 Aprili 1966 na Koplo Cornelius Mideva.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa na mtu. Mume wangu hajui niko hapa. Akijua, basi ajue.

Shamba letu lilikuwa la mzungu aliyerudi kwao mwaka juzi. Nyuma ya ghala aliacha shimo la takataka. Sisi takataka zetu hazihitaji shimo. Maganda ya ndizi wanakula ng'ombe, magunzi tunapikia, majivu tunamwaga chooni, samadi inarudi shambani. Katika shimo la mzungu mna vitu ambavyo hata mchwa wamevikataa: chupa, betri, mikebe, na pipa moja la chuma.

Mnamo tarehe 9 Aprili mume wangu alilifukua pipa hilo. Nilimwambia, "Baba Wekesa, hii kitu inanuka dawa ya kuogesha ng'ombe." Akasema, "Wazungu walikuwa wanapotezanga vitu mzuri, mama." Kwetu ukitupa chombo kizima utachekwa soko zima, kwa hiyo sikubishana.

Alilikata katikati kwa tindo. Nusu moja aliiweka uani ya kunyweshea ng'ombe, nyingine akanipa ya maji ya jikoni. Nilizisugua zote kwa mchanga na majivu mpaka vidole vikachubuka. Harufu ilipungua.

Tarehe 11 jirani yetu Kibiwott aligombana na mume wangu kwa sababu ng'ombe wetu walikula mahindi yake. Alisema mbele ya watu, "Sifuna, hawa ng'ombe wakirudi kwangu, hutawaona tena." Ni kweli alisema, nilimsikia. Ningekuwa yeye, ningesema zaidi.

Kesho yake jioni mume wangu aliijaza maji ile nusu ya uani kwa mara ya kwanza. Asubuhi ya tarehe 13 tulikuta ng'ombe wetu wote wawili wamekufa kando yake. Mume wangu alilia. Sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama yake. Akasema Kibiwott amekuja usiku akatia sumu. Askari wenu walikuja, wakamchukua Kibiwott, na ile nusu ya uani wakaibeba iwe ushahidi.

Jana asubuhi, nami kwa mara ya kwanza, nilijaza nusu ya jikoni. Kabla sijachota maji ya uji wa watoto, kuku wanne waliingia wakanywa. Jua halijawa kali, wote walikuwa wamelala miguu juu. Kibiwott hakuingia jikoni kwangu. Alikuwa kwenu, kwenye seli.

Nilimweleza mume wangu. Akasema, "Kuku wanakufanga. Nyamaza, mama. Nitasema aje kwa watu, kwamba ng'ombe yangu niliua mwenyewe?" Nilimhurumia, na bado namhurumia. Lakini Chepkoech, mke wa Kibiwott, ananyonyesha, na tangu mumewe achukuliwe hakuna moshi nyumbani kwake. Watu wameanza kupita mbali na boma lao. Hilo sikuweza kulala nalo.

Leo nilipofika hapa niliona ile nusu ya uani iko chini ya paa lenu, inakinga mvua, na kikombe kimetundikwa ukingoni. Ndiyo maana nilikuuliza, hata kabla ya salamu, kama Kibiwott amepewa maji. Ulikimbia kuelekea seli.

Niliyoyaona ni hayo. Nimesomewa, nami nayakubali.

Alama ya kidole gumba: Roda Khalayi

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika kwa Kiswahili kama alivyosema. Mshukiwa aliomba maji tangu alfajiri. Askari wa zamu alikuwa hajampa. Ameachiliwa. Nusu ya pipa nimeifunika kwa bati na kuweka mlinzi. Maji yaliyomo hayajamwagwa. Shahidi ameuliza yamwagwe wapi.

C. Mideva, Koplo