Risasi Ndogo ya Ami Salimu

Kigombe

Kaka Nassoro, shikamoo. Hatujambo, ila joto la kaskazi limetukaba, na mkate wa kumimina wa shangazi umeninenepesha.

Uliniagiza niitazame bunduki ya ami Salimu kabla hujanunua kama hiyo ya kufukuzia nyani. Risasi yake haizidi kokwa ya tende. Haipigi bega, haina kishindo, na kanga aliyempiga juzi hakuharibika nyama. Niliipenda.

Jana alasiri nyani dume alikuwa ameketi ukingoni mwa shamba. Ami akampiga kifuani. Hakuanguka. Alijishika kifua, akautazama mkono wake kama mtu, akatutazama sisi, kisha akaingia mikongeni taratibu.

"Mnyama mkubwa haimuui," ami alisema. "Inamtuma tu akafie mbali."

Hakufia mbali. Magharibi, tukiwa tunakula, tulisikia kikohozi nyuma ya jiko, kikavu kama cha mzee. Shangazi akadhani ni mgeni, akaitikia, "Karibu!" Kikohozi kikanyamaza, kikaanza tena karibu zaidi na mlango. Hakuna aliyeinua tonge.

Ami alitoka na panga. Tulisikia pigo moja. Aliporudi aliliegemeza panga mlangoni, akasema, "Alininyooshea mkono, kana kwamba anataka nimwinue."

Basi kaka, kwa kanga inafaa. Kwa nyani, endelea kupiga madebe. Nibusie watoto, na Mola awafunike nyote kwa rehema yake.

Mdogo wako, Halfani